Spika ya Mlangoni

Mwanjelwa, Mbeya
11 Machi 2024

Mjomba Nsajigwa,

Shikamoo. Mugonile huko Bujonde? Sisi huku baridi imeanza kuuma, nachanganya nyimbo nikiwa na blanketi magotini.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Wimbo umekamilika. Nimekutumia kwa kondakta wa Kosta kama tulivyokubaliana, maana kwenye simu wimbo unabanwa mpaka sauti zinatoka kama ziko ndani ya debe. Isitoshe, simu yako ni mali ya kwaya nzima. Mara ya mwisho nilikuandikia salamu, akanijibu Prisca wa sauti ya pili.

Kazi haikuwa nyepesi, nikwambie ukweli. Wanaume uliwarekodi kwenye stoo ya kokoa, wanawake darasani Ikolo, na binti yako Tukuswiga sebuleni kwako chini ya shuka. Ukiwasikiliza hivyo walivyo, kila mtu yuko nyumbani kwake. Kwa hiyo nimetengeneza chumba kimoja, yaani mwangwi mmoja, nikampelekea kila mtu kidogo. Sasa wanasikika kama wamesimama kanisani pamoja. Wanaume nimewaweka kushoto, wanawake kulia, Tukuswiga katikati kwa sababu ndiye anayeanzisha. Akiita "Nimefika mlangoni, nani atanifungulia?" na ninyi mkajibu "Ingia, mwanangu, ingia", mwili unanisisimka. Na mwanzoni pale, kabla ya ngoma, anapoimba "aaa" peke yake, nimemwacha kama alivyo. Aliutunga wakati mama yake anaugua kitandani, na hilo linasikika.

Pentekoste mkiufuatisha kwa midomo, wageni wenu watalia. Nisalimie binamu yangu huyo. Mwambie sauti yake inazidi kukomaa.

Mpwa wako,
Lucy


Bujonde
19 Machi 2024

Mpwa wangu Lucy,

Marahaba. Ndaga fijo kwa kazi. Lakini wimbo umeuharibu.

Tumeupiga kanisani Jumapili baada ya ibada, kwaya yote imekaa kusikiliza. Wanawake wanasikika mbele, vizuri tu. Wanaume wote wako nje! Wanaimbia mlangoni kama watu waliokuja kudai posa. Amon wa sauti ya nne aliinuka kwenye benchi akatembea hadi mlangoni kuitafuta sauti yake, akaikuta huko, akarudi amenuna. Hivi wanaume wa kwaya hii walikukosea nini?

Halafu suala la mwangwi. Amon anataka mwangwi mkubwa, wa kwake, kama wa yule mwimbaji wa redioni. Prisca hataki mwangwi kabisa, anasema unamzeesha. Stella anataka nusu. Nimeandika mahitaji ya kila mmoja nyuma ya karatasi hii. Mpe kila mtu wa kwake, tumalize maneno. Mimi nina mpunga unaliwa na ndege na kokoa inayoota ukungu kwa sababu jua halitoki, sina muda wa kusuluhisha mwangwi.

Mjomba wako,
Nsajigwa


Mwanjelwa
25 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Naomba unijibu swali moja: spika zenu mmeziweka wapi?

Nimempigia Godlove, fundi mitambo wenu, akaniambia bila hata aibu kwamba moja iko mbele karibu na madhabahu, na nyingine iko mlangoni imeelekezwa nje, kwa ajili ya watu wanaokaa chini ya turubai. Khaa! Mjomba, waya wa kushoto unakwenda mlangoni! Nikiweka mtu kushoto, mmempeleka nje wenyewe. Sikumfukuza Amon, mmemfukuza ninyi. Wimbo wa pande mbili unataka spika mbili mbele ya msikilizaji, moja huku, moja huku. Wekeni zote mbele, mtasikia kwaya imejipanga kama mnavyojipanga siku zote.

Kuhusu mwangwi, jibu ni hapana. Karatasi yako nimeisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Mwangwi si kitenge, kwamba kila mtu achague rangi yake. Mwangwi ndio unaoliambia sikio watu wako wapi. Amon nikimpa kanisa kubwa, Prisca nikamnyima, Stella nikampa nusu, utapata watu watatu ndani ya nyumba tatu wanaoitana kwa simu. Kazi yote niliyoifanya ni kuwatoa stoo na darasani niwakutanishe. Ninachoweza ni hiki: anayetaka kuwa karibu nampelekea kidogo, anayetaka kuwa mbali nampelekea zaidi. Lakini chumba ni kile kile kimoja.

Amon mwambie sauti yake ni nzuri hivyo hivyo.

Lucy


Bujonde
3 Aprili 2024

Lucy,

Spika haihami. Nimepeleka hoja kwa wazee wa kanisa, Mzee Hezroni mwenyekiti wao akaninyamazisha kabla sijamaliza. Spika ile waliichangia watu wa turubai, kwa hiyo inakaa kwa watu wa turubai. Na kweli, ukiihamisha watakaa mvuani kusikiliza nini?

Basi wanaume na wanawake uwachanganye katikati, wasikike pote. Mwangwi ubaki mmoja kama unavyotaka. Amon nitamalizana naye.

Ila kuna jambo moja. Tukuswiga mtoe katikati. Mpeleke kushoto, kushoto kabisa, asibaki hata kidogo kulia. Na asogee mbali, asiwe mdomoni mwa watu. Usiniulize, fanya tu.

Barua hii ukishaisoma ichome.

Mjomba wako


Mwanjelwa
10 Aprili 2024

Mjomba,

Sijaichoma. Nimeisoma mara mbili nikiamini nimekosea.

Anayeanzisha wimbo ndiye unataka akae pembeni? Watu wote wako katikati wanamjibu mtu aliye ukutani! Haki ya Mungu, katika kazi hii nimeombwa mengi. Kuna mchungaji aliyetaka sauti yake iwe nene kuliko alivyoumbwa, nikamnenepesha. Lakini hili sijawahi kuombwa.

Nadhani najua tatizo. Watu wanasema mwalimu wa kwaya anampendelea binti yake, siyo? Na wewe badala ya kuwajibu unamsukuma mtoto. Mjomba, anaanzisha kwa sababu anaweza. Stella mwenyewe anajua hilo.

Haya, nimefanya, kwa kinyongo. Yuko kushoto kabisa. Kuhusu umbali, nimefanya hivi: tawi la sauti yake linalokwenda kwenye mwangwi nimelitoa juu, kabla ya kile kitufe cha kupandishia na kushushia sauti. Maana yake, nikimshusha, mwangwi wake haushuki, na kwa hiyo anasikika anasogea nyuma badala ya kufifia tu. Ukiniandikia tena "mpeleke mbali zaidi", na najua utaandika, nitashusha kidogo na kazi itakuwa imeisha. Mwangwi wenyewe unabaki pote, kushoto na kulia. Chumba hakina upande.

Lakini nasema tena, ni makosa. Anasikika kama mtu anayechungulia.

Lucy


Bujonde
29 Aprili 2024

Lucy,

Mfute Tukuswiga. Sauti yake yote.

Nafasi yake anachukua Stella. Nimemrekodi kwa simu, yumo kwenye flashi hii. Ile "aaa" ya mwanzo Stella haiwezi, pabaki kimya tu mpaka ngoma iingie. Wimbo nauhitaji kabla ya Pentekoste.

Mjomba


Mwanjelwa
2 Mei 2024

Mjomba Nsajigwa,

Shikamoo, ingawa leo nakuamkia kwa sababu tu nililelewa hivyo.

Nimempigia mama. Dada yako Felista hajui kuficha kitu, unamjua. Ameniambia yote. Kwamba Tukuswiga ana ujauzito na hataki kumtaja mwenzake. Kwamba wazee wamemtenga tangu Machi, hashiriki meza ya Bwana, haimbi, anakaa benchi la mwisho kabisa. Pembeni ya mlango, mjomba. Chini ya spika!

Ndipo nikakuelewa. Uliponiambia kushoto kabisa, mimi mjinga nikadhani unaogopa maneno ya watu. Kumbe ulikuwa umepiga hesabu yako: kushoto ni mlangoni. Tukuswiga asikike kwa watu wa turubai tu, Mzee Hezroni na wenzake kule mbele wamsikie Stella kwenye maiki na kwaya ikimjibu. Ulitaka umwimbishe mwanao kwa siri kanisani! Na mimi nilikutukana moyoni mwangu kwa kumsukuma, kumbe ulikuwa unamficha kwapani. Mbona hukuniambia? Ningekusaidia kwa moyo mmoja. Ningekuwa mwizi mwenzako.

Lakini sasa unasema afutwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na najua umeumbuliwa. Nani amekuchongea? Na yeye Tukuswiga anasemaje? Wimbo ni wake. Aliutungia mama yake, mke wako, siku zile sote tulikuwa tunapokezana kukesha pale. Leo unauchukua unampa Stella, tena kwa sauti ya simu!

Nina hasira, mjomba. Sifuti.

Lucy


Bujonde
7 Mei 2024

Mpwa wangu,

Nisikilize.

Tulipiga ile ya kushoto Jumapili moja, kujaribu. Mbele hawakugundua kitu: tulianzia kwenye ngoma, Stella akaimba kwa maiki, na ule mwangwi wakadhani ni wake. Mzee Hezroni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baada ya ibada bibi mmoja wa chini ya turubai, maskini wala hakuwa na nia mbaya, akamfuata mzee akamshika mkono, akamwambia, ndaga, baba, kwa kumsamehe Tukuswiga, leo ameimba mpaka nimelia. Ndivyo nilivyoumbuliwa.

Nimeitwa barazani. Nimeambiwa sauti yake isisikike ndani ya kanisa lile, wala mbele wala mlangoni, mpaka atubu mbele ya watu na amtaje mwenzake. Ikisikika, kwaya haiimbi Pentekoste, na mimi si mwalimu tena. Watu wamefanya mazoezi na mvua hii, wameacha mpunga kwa ndege. Nifanyeje, niwaambie rudini nyumbani kwa sababu ya mwanangu? Wewe uko Mbeya, unashinda na vitufe vyako, hakuna anayekutazama usoni ukienda sokoni.

Kwaya hii niliipokea ikiwa watu sita na ngoma iliyopasuka. Tangu mama Tukuswiga afariki, ndicho kitu pekee kinachonitoa kitandani asubuhi. Unaniambia nina hofu. Ndiyo, ninayo.

Tukuswiga amekubali. Yeye mwenyewe amesema afutwe. Kwa hiyo acha kumpigania mtu asiyetaka kupiganiwa.

Nakuomba, Lucy. Siamrishi tena, naomba.

Mjomba wako,
Nsajigwa


Mwanjelwa
14 Mei 2024

Mjomba,

Nimefanya.

Stella nimemweka katikati, nimempelekea mwangwi ule ule ili aingie chumbani na wenzake. Amerekodiwa kwenye nyumba yenye bati na mvua ilikuwa inanyesha, inasikika. Simlaumu. Anaimba kama mtu aliyevalishwa nguo za mwenzake, anakata maneno mapema ili amalize aondoke. Mwanzo nimepaacha kimya, kama ulivyotaka.

Sauti ya Tukuswiga nimeizima. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nikatoa wimbo haraka nikaufunga kwenye bahasha. Sikuusikiliza mpaka mwisho na sitausikiliza.

Kama kweli amekubali, mwambie aniandikie mwenyewe.

Lucy


Bujonde
20 Mei 2024

Wewe Lucy!

Umenifedhehesha. Umenifedhehesha mbele ya kanisa zima, mbele ya wageni waliotoka Mbeya na Karonga! Kama ulitaka kunikomoa ungekuja ukanitukana nyumbani kwangu nikupikie na ndizi.

Flashi ilifika Jumamosi, umeme haukuwepo, hatukuijaribu. Jana zamu yetu ikafika. Kwaya imepanga mistari mbele, sare mpya, Stella katikati na maiki asiyoihitaji, maana safari hii sauti yake imo kwenye flashi. Mimi nimesimama mbele yao, mgongo kwa watu. Godlove akabonyeza.

Pale mwanzo, palipotakiwa kimya, ikatoka sauti ya Tukuswiga. Si sauti yenyewe. Ni ule mwangwi tu, mwembamba, kama mtu anayeimba upande wa pili wa ukuta. "Aaa" yake yote, bila mwili. Na haikutoka mlangoni, maana mlangoni ningejua la kusema. Ilitoka pote! Ilitoka spika ya mbele, juu ya kichwa cha Mzee Hezroni! Stella akaniangalia macho yamemtoka. Ngoma ikaingia, Stella wa kwenye spika akaanza, na kila alipokata neno, lile la Tukuswiga likabaki linaning'inia nyuma yake, "mlangoniii", anavyolivuta yeye. Nani katika Bujonde asiyeijua sauti ile? Watu wakaanza kugeuka kutazama benchi la mwisho.

Mzee Hezroni akasimama. Akampa Godlove ishara ya kukata kwa mkono, hivi, kama mtu anayechinja. Godlove akachomoa flashi. Wimbo ukakatikia kwenye "nani atanifungulia". Ikabaki mvua tu juu ya bati.

Yaliyofuata sitaki kuyaandika.

Niambie jambo moja tu. Ulifanya kusudi?

Nsajigwa


Mwanjelwa
24 Mei 2024

Mjomba wangu,

Nimefungua wimbo, nimeangalia, na ni kosa langu.

Wewe ni mkulima wa mpunga, utanielewa hivi. Nilifunga lango la mfereji, lakini mchepuko ulikuwa juu ya lango. Unakumbuka nilikuandikia kwamba tawi la Tukuswiga la kwenda kwenye mwangwi nimelitoa juu, kabla ya kile cha kushushia sauti? Nilifanya hivyo ili akishuka asogee mbali. Basi nilipomshusha mpaka chini kabisa, sauti yake ikanyamaza, nikaona nimemaliza. Lakini mwangwi ulikuwa unapata maji yake kutoka juu. Na mwangwi ule ni wa wote, umeenea pote, kwa hiyo akatoka mbele na nyuma na kila mahali. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hawezi kufanya kosa hili. Mimi nimelifanya kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kusikiliza.

Si kusudi, mjomba. Kazi yangu ndiyo kula yangu, nisingeiharibu kwa makusudi. Nisamehe. Na kama wamekunyang'anya kwaya, sijui nitakuangaliaje.

Lakini na mimi niambie ukweli. Nini kilifuata? Mama naye kanyamaza, na mama hajawahi kunyamaza. Binamu yangu yuko salama?

Lucy


Bujonde
3 Juni 2024

Dada Lucy,

Shikamoo. Baba amekataa kukujibu. Barua yako ameisoma akaiacha juu ya meza, imefunguliwa, akaenda kugeuza kokoa. Nikajua ameniachia mimi.

Kwanza, sikukubali kufutwa. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuta flashi ya Stella kwenye mfuko wa shati la baba nikifua, nikairudisha mfukoni nikanyamaza. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilikuwa nakwenda kanisani kila Jumapili makusudi, nikae pale benchi la mwisho, kila mtu apite aone tumbo langu. Nilijiapiza kwamba Pentekoste nitakaa hapo hapo niwasikilize wakiimba wimbo wa mama yangu bila mimi, nisitoe hata chozi.

Basi nimekaa. Nikasikia mtu anaimba mbali. Mwanzoni nikadhani ni kanisa jingine, upepo unaleta. Halafu nikajijua. Dada Lucy, sijui nikwambieje. Nilijisikia kama nimeshakufa na wananikumbuka. Niliogopa, nikaweka mkono tumboni.

Halafu Godlove akachomoa. Baba hajakwambia kilichofuata, najua, maana anaona aibu hata kupita mbele ya kioo. Alikuwa ametupa mgongo, anaitazama kwaya. Akageuka. Mzee Hezroni akamwambia, "Mwalimu, kaa chini." Hakukaa. Akatazama huku mwisho, juu ya vichwa vya watu wote, akanitafuta mpaka akaniona. Akainua mkono wa kulia, kiganja juu. Nimeimba chini ya mkono ule tangu sijaota meno ya pili. Ukiinuka hivyo maana yake ni zamu yako.

Nikasimama. Nikaimba, bila maiki, bila spika, bila huo mwangwi wako: "Nimefika mlangoni, nani atanifungulia?"

Kwaya hawakujibu. Waliangalia chini, wote, Stella analia. Nikasimama pale na swali langu. Ndipo baba akajibu. Unajua baba haimbi, anaimbisha tu, anasema sauti yake ilibaki kwenye moshi wa kuchoma matofali. Alijibu peke yake, sauti mbovu, imekatika katikati: "Ingia, mwanangu, ingia." Akarudia, kwa sababu ya kwanza haikusikika vizuri. Ya pili Amon akaingia na sauti ya nne. Prisca naye. Wengine hawakuingia mpaka mwisho na siwalaumu. Watu wa turubai waliimba kwa nguvu kuliko wote, maskini, na walikuwa wameloa.

Wazee walikaa siku ile ile. Baba si mwalimu tena na yeye pia ametengwa. Nyumbani hajasema neno la pole wala la samahani. Juzi alininunulia samaki wa ziwani na akanikatalia kuchota maji. Ana hasira na kila mtu, na kokoa, na Mzee Hezroni, na wewe. Hata mimi sijamaliza hasira zangu kwake, maana alinifuta kabla hajaniita, na hilo nalikumbuka.

Wewe unasema si kusudi. Mimi nakufahamu tangu tunaiba maembe. Sikuulizi.

Jana Jumapili nilikwenda mapema nikakaa mahali pangu. Akaja, suti yake ile ile, akapita mistari yote, akaja kukaa karibu yangu benchi la mwisho, chini ya spika. Kwaya ilipopiga nyimbo zao zile za zamani zilizorekodiwa, alikunja uso, akainamia sikio langu akasema, "Kumbe Lucy alisema kweli. Huku wanasikika wanaume tu. Hovyo kabisa!" Mama mmoja akageuka akatunyamazisha.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia nikuandikie neno lake, kwa sababu yeye bado amekasirika na hataki kuandika. Anasema wimbo usiufute. Anasema siku ukiufungua tena, Stella mwondoe taratibu, usimuumize. Na mimi usinirudishe kushoto.

Anasema uniweke katikati.

Mdogo wako,
Tukuswiga